Bingwa wa maneno machache

Theodor Seuss Geisel, maarufu kwa jina Dr. Seuss, alizaliwa Springfield, Marekani, mwaka 1904. Katika miaka ya 1950, lawama zilizagaa nchini humo kwamba vitabu vya madarasa ya mwanzo havikuwa na ladha, ndiyo maana watoto hawakupenda kusoma. Mchapishaji akamkabidhi orodha ya maneno mepesi. Mwaka 1957 akatoa The Cat in the Hat: maneno tofauti 236 tu, yenye vina na vituko. Green Eggs and Ham, cha 1960, kina 50. Alifariki mwaka 1991.

Walimu wanaowafungasha watoto mazoezi matupu ya likizo nawatie mkobani pia kitabu cha kuchekesha. Usomaji usiopendwa husahaulika kabla shule hazijafunguliwa.