Josephine Baker: Sketi ya Ndizi na Kipengele cha Mkataba

Ukimtaja Josephine Baker vijiweni hapa chuoni, anayemjua kidogo atakutajia kitu kimoja tu: sketi ya ndizi. Mimi naona sketi ile tusiikwepe, ila tusiishie hapo. Mwanamke huyu aliuza sura yake, kisha jina alilolipata akalitumia kudai haki za watu wengine, tena kwa maandishi.

Alizaliwa St. Louis, Marekani, tarehe 3 Juni 1906, akaitwa Freda Josephine McDonald. Kwao walikuwa hohehahe, na akiwa bado mtoto alipelekwa kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Mwaka 1917, ng'ambo tu ya mto, katika mji wa East St. Louis, watu Weusi waliuawa na nyumba zao zikachomwa moto. Yeye alikuwa na miaka 11. Aliolewa akiwa na miaka 13, ndoa ikavunjika. Jina la Baker ni la mume wake wa pili. Kilichomtoa kimaisha ni kucheza. Alianzia mwishoni mwa mstari wa wachezaji, yule anayejifanya amekosea hatua ili watu wacheke.

Mwaka 1925 akavuka bahari hadi Paris na onyesho la La Revue Nègre. Mwaka uliofuata, kwenye jukwaa la Folies Bergère, ndipo akavaa ile sketi ya ndizi bandia, akiigiza msichana wa Kiafrika mbele ya mvumbuzi Mzungu. Tuseme ukweli: msichana yule hakutoka nchi yoyote ya Afrika. Alitoka kichwani mwa Mzungu wa zama za ukoloni. Sisi tunaomtazama kutoka huku tuna haki ya kukunja uso.

Lakini Josephine naye alikuwa na hesabu zake. Alipigwa picha na kuchorwa, Alexander Calder akatengeneza umbo lake kwa waya, mavazi yake yakaigwa, na mafuta ya nywele yaliyoitwa Bakerfix yakauzwa kwa jina lake. Akaingia kwenye filamu, zikiwemo Zouzou ya 1934 na Princesse Tam Tam ya 1935. Aliporudi kutumbuiza New York mwaka 1936, wahakiki walimponda. Mwaka 1937 akaolewa na Mfaransa na kuchukua uraia wa Ufaransa.

Vita Kuu ya Pili ilipokuja, umaarufu ukawa kinga yake. Nani angempekua nyota aliyealikwa kwenye tafrija za mabalozi? Alisikiliza, akakumbuka, na habari za kijeshi zikasafirishwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za muziki. Baada ya vita Ufaransa ilimpa nishani.

Kwangu mimi, sehemu kubwa ya maisha yake ni mwaka 1951. Alialikwa kutumbuiza kwenye klabu ya Copa City, Miami, mji ambao Mweusi angeweza kuimba ukumbini lakini asiruhusiwe kukaa humo kama mteja. Josephine akagoma mpaka wenye ukumbi wakubali kuwaingiza watu wa rangi zote. Akaendelea hivyo katika ziara yake: sharti la kutobagua watazamaji likaandikwa kwenye mkataba. Hapo hahubiri mtu. Anasema tu kwamba bila sharti hili, hakuna shoo. Mwenye ukumbi anayezijua pesa za tiketi anaelewa haraka.

Na aliilipia. Oktoba mwaka huohuo alilalamika hadharani kwamba klabu ya Stork ya New York ilikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Walter Winchell, mwandishi wa magazeti aliyekuwa na nguvu sana, akamgeuka na kumwandama kwa tuhuma za ukomunisti. Mikataba ikayeyuka, na kwa miaka mingi njia ya kwenda kufanya kazi Marekani ikawa na miiba. Hata hivyo, tarehe 28 Agosti 1963 alikuwepo kwenye Maandamano ya Washington, amevaa sare yake ya vita na nishani kifuani, akiwa miongoni mwa wanawake wachache waliohutubia.

Kwao Ufaransa aliasili watoto 12 kutoka mataifa mbalimbali, akitaka kuonyesha kwamba binadamu wanaweza kuishi kama ndugu. Nia njema, ila hesabu zilimshinda: madeni yakamnyang'anya jumba lake la Milandes. Akarudi jukwaani uzeeni. Alifariki Paris tarehe 12 Aprili 1975, siku chache baada ya kufungua onyesho jipya. Mwaka 2021 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuenziwa Panthéon.

Je, mkataba wa Miami unafuta sketi ya ndizi? Mimi nasema haufuti. Ila unatuuliza swali sisi tunaofuatilia mamiss, wanamitindo na wasanii wenye mamilioni ya wafuasi, na wale kati yetu wanaoota kuwa kama wao: siku utakapowekewa mkataba mezani, utadai nini zaidi ya hela yako?