Thomas Stevens: Alizunguka dunia kwa baiskeli isiyo na gia, njia ikamkataa katikati

KAMA wewe na marafiki zako mmeanza kupanga safari ndefu ya baiskeli katika nchi ya watu, bila shaka mmeshabishana kuhusu gia, tairi na bei ya hema. Tulieni kidogo. Kuna jamaa mmoja aliyefanya safari kama hiyo zaidi ya miaka 130 iliyopita, na baiskeli yake haikuwa na gia hata moja ya kubadilisha.

Jina lake ni Thomas Stevens. Ndiye mtu wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia kwa baiskeli. Aliondoka San Francisco, Marekani, Aprili 22, 1884 na kumaliza mjini Yokohama, Japani, Desemba 17, 1886. Ukiondoa meli na treni, alikuwa amekwenda takriban kilomita 21,700.

Wengi humsifu kwa nguvu za miguu. Lakini kwako wewe unayetaka kutoka, somo lake kubwa liko kwingine: alipanga njia, njia ikakataa, akalazimika kupanga nyingine akiwa ugenini.

Kijana wa vibarua

Stevens hakuzaliwa na pesa. Alizaliwa Berkhamsted, mji mdogo nchini Uingereza, Desemba 24, 1854. Mnamo 1871, akiwa bado hajafikisha miaka 17, alihamia Marekani kutafuta maisha. Familia yake ilimfuata baadaye.

Huko alifanya kazi za mikono, ikiwemo katika kiwanda cha reli jimboni Wyoming na kwenye migodi ya Colorado. Ni katika maisha hayo ya mgodini ambapo alipata wazo la kuvuka Marekani kwa baiskeli, kutoka Bahari ya Pasifiki hadi Atlantiki.

Wakati huo hakuwa bingwa wa mchezo huo. Kwa hakika alijifunza kuendesha mjini San Francisco muda mfupi tu kabla ya kuondoka. Hebu fikiria mtu anayejifunza kuogelea leo na kesho kutwa anataka kuvuka ziwa!

Baiskeli yenyewe

Usiwazie baiskeli ya milimani kama yako. Stevens alipanda Columbia, iliyotengenezwa na kampuni ya Pope. Gurudumu la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, karibu sentimita 127. La nyuma lilikuwa kadogo, la kusawazisha tu. Mwendeshaji aliketi juu kabisa, karibu usawa wa mtu aliye juu ya farasi.

Cheni haikuwepo. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, kwa hivyo ukizungusha pedali mara moja, gurudumu nalo linazunguka mara moja, unasonga karibu mita nne. Mlima ukiwa mkali, huna gia ndogo ya kukusaidia. Unashuka, unasukuma.

Tairi zilikuwa za mpira mgumu usio na upepo, kwa sababu tairi ya upepo ya John Boyd Dunlop ilikuja 1888. Raha yake ni kwamba pancha haikuwepo. Taabu yake ni kwamba kila jiwe ulilisikia hadi kwenye meno. Na ukigonga kitu ghafla, baiskeli inasimama, wewe unarushwa kichwa mbele. Wenye baiskeli hizo waliumia hivyo mara nyingi.

Mzigo wa Stevens ulikuwa mwepesi ajabu: soksi, shati moja la akiba, koti la mvua ambalo pia lilikuwa hema na tandiko la kulalia, na bastola. Basi. Ukifungua begi lako leo ukakuta jozi tano za viatu, jiulize unamwendea nani.

Alifuata reli

Kuvuka Marekani, Stevens hakuwa na ramani ya simu ya kumwambia ageuke kulia. Barabara nzuri katika majimbo ya magharibi zilikuwa chache mno. Hivyo alitegemea kitu kimoja kilichokwisha kuvuka bara zima: reli.

Uamuzi huo ulikuwa na akili. Kando ya reli kulikuwa na stesheni, na penye stesheni kuna watu, maji na chakula. Tena reli haipotei porini. Wewe pia unapochora njia katika nchi usiyoijua, anza kwa kuuliza maji yako wapi na watu wako wapi, kisha ndipo uangalie mandhari.

Hata hivyo, msimu ulimchapa. Mwezi Aprili milima ya Sierra Nevada ilikuwa bado na theluji. Ilimbidi kupita ndani ya mapaa marefu ya mbao yaliyojengwa kukinga reli dhidi ya theluji. Ndani mlikuwa na giza na moshi, na treni ilipokuja alijibanza ukutani na baiskeli yake hadi ipite.

Agosti 4, 1884 alifika Boston. Alikuwa amekwenda takriban kilomita 6,000, na karibu thuluthi moja ya safari hiyo aliifanya kwa miguu, akisukuma au kuburura baiskeli. Kwa hivyo ukiona mtu akikucheka unaposukuma baiskeli mlimani, mwambie mtu wa kwanza kuzunguka dunia alisukuma pia.

Pesa za safari zilitoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo vijana wengi huliruka. Stevens alipofika mashariki alikaa New York msimu wa baridi akiandika habari za safari yake katika jarida la Outing, ambalo lilihusiana na Albert Pope, mwenye kampuni ya baiskeli. Jarida hilo likamfanya mwandishi wake maalum na kumwezesha kuendelea ng'ambo.

Kwa lugha ya leo, alipata mdhamini kwa kuonyesha kazi aliyokwisha kuifanya. Hakwenda kuomba na mikono mitupu. Alikuwa tayari amevuka bara zima.

Mnamo Aprili 1885 alipanda meli hadi Liverpool, na Mei 4 akaanza kupiga pedali. Alikatiza Uingereza, akavuka hadi Ufaransa, halafu Ujerumani, Austria na Hungaria. Barabara za huko zilikuwa nzuri kuliko za Marekani, na mambo yakawa shwari.

Nchini Hungaria alipata mwenzake, mwendesha baiskeli aliyeitwa Igali, akamsindikiza kuelekea Belgrade. Lugha haikuwa moja, wakawa wanasemezana kwa ishara nyingi. Lakini mwenyeji ni mwenyeji: anajua njia ipi ina matope na mji upi una chakula. Hakuna programu ya simu inayokushinda hapo.

Alipofika Istanbul, ambayo wakati huo iliitwa Konstantinopoli, hakukimbilia mbele. Alipumzika wiki kadhaa, akarekebisha vifaa, akatafuta spoki za akiba na kukusanya habari za njia ya mashariki, zikiwemo za majambazi. Agosti akaingia Asia.

Uturuki hadi Uajemi: umaarufu usio na mapumziko

Katika vijiji vya Anatolia, watu hawakuwa wamewahi kuona chombo kama kile. Kila alikofika alizingirwa na umati uliotaka aendeshe waone. Alikuwa amechoka, ana njaa, lakini burudani ilitakiwa kwanza. Wakati mwingine alilala mbele ya macho ya kijiji kizima.

Alisaidiwa na wanakijiji waliompa mkate na mahali pa kulala, na katika baadhi ya miji alipokewa na wamishenari wa Kimarekani. Mwishoni mwa Septemba 1885 akafika Tehran, mji mkuu wa Uajemi, Iran ya leo. Baridi ilikuwa inakuja, akaamua kusubiri huko hadi Machi. Hata Shah Nasir al-Din alitaka kumwona akiendesha.

Sasa hapa ndipo kazi ilipoanza.

Mpango wake ulikuwa kuendelea mashariki kwa nchi kavu. Lakini Urusi na Uingereza zilikuwa zikivutana vikali kuhusu Asia ya Kati. Mnamo 1885 majeshi ya Urusi na Afghanistan yalikuwa yamepigana Panjdeh, na Waingereza waliokuwa India walikuwa na wasiwasi mkubwa. Katika hali hiyo, mgeni anayepita mpakani akiandika kila anachokiona alikuwa rahisi kushukiwa.

Warusi wakamkatalia kupita katika maeneo yao. Stevens akaona bora ajaribu Afghanistan, ingawa hakuwa na ruhusa. Aliingia, akakamatwa, akapelekwa hadi Herat na hatimaye akarudishwa mpakani mwa Uajemi.

Fikiria mwenyewe. Umevuka nusu ya dunia kwa jasho lako. Mbele yako ipo India, si mbali sana kwenye ramani. Halafu unaambiwa geuka. Hakuna mlima hapo, hakuna simba, ni karatasi tu inayokosekana.

Kuzunguka ili kusonga mbele

Angeweza kukata tamaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alirudi nyuma. Alivuka Bahari ya Kaspi kwa meli hadi Baku, akapanda treni hadi Batumi, akachukua meli tena hadi Istanbul, mji aliokuwa ameuacha karibu mwaka mmoja kabla! Kutoka hapo akaenda kwa bahari hadi India.

Huko alianza tena kuendesha kutoka Lahore, akifuata ile barabara kuu ya kale ya Grand Trunk hadi Calcutta. Barabara ilikuwa nzuri, ila joto lilimtesa.

Kutoka India alichukua meli hadi Hong Kong, kisha akaingia kusini mwa China. Wakati huo ulikuwa mbaya. Vita kati ya China na Ufaransa vilikuwa vimeisha 1885, na hasira dhidi ya wageni wa Kizungu ilikuwa bado moto. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kumtofautisha Mwingereza na Mfaransa. Alishambuliwa na umati, na akaokolewa na maafisa wa Kichina waliomkinga. Japani ilikuwa kinyume kabisa: kutoka Nagasaki hadi Yokohama alisafiri kwa utulivu, na safari ya magurudumu ikaishia hapo. Januari 1887 alirudi San Francisco kwa meli.

Alifika hadi kwetu

Huenda hukujua kwamba Stevens alikanyaga pia pwani ya Afrika Mashariki. Gazeti la New York World lilimtuma kutafuta habari za Henry Morton Stanley, ambaye alikuwa hajulikani aliko barani. Mnamo 1889 alifika Zanzibar. Pwani ya Tanganyika ilikuwa na vita, Abushiri akiwapinga Wajerumani, kwa hivyo alipitia upande wa Mombasa kuelekea Taveta na Kilimanjaro, akaona pia nchi ya Wamaasai. Mwishoni mwa mwaka huo alikutana na Stanley aliyekuwa akitokea bara kuelekea Bagamoyo. Safari hii alikwenda kwa msafara wa wapagazi.

Na hapa tusimpake asali mtu. Stevens alisafiri wakati ambapo Mzungu mwenye pasipoti ya dola kubwa alifunguliwa milango mingi iliyofungwa kwa wengine. Vitabu vyake vina maneno ya dharau kuhusu watu waliompa chakula na malazi. Unaweza kumsoma ukajifunza njia zake bila kuiga macho yake. Ukienda nchi ya watu, anayekukaribisha usiku ni mwenyeji wako, si mandhari ya picha.

Pia bahati ilikuwa upande wake. Frank Lenz, Mmarekani aliyeondoka 1892 kujaribu kuzunguka dunia kwa baiskeli, alitoweka mashariki mwa Uturuki 1894 na hakuonekana tena.

Stevens aliandika safari yake katika juzuu mbili, akaendelea kusafiri, akavuka hata Urusi kwa farasi. Baadaye alirudi Uingereza, akaoa na kuwa meneja wa ukumbi wa maigizo wa Garrick, London. Alifariki Januari 24, 1935 akiwa na miaka 80. Ile baiskeli ilihifadhiwa na kampuni ya Pope kwa miaka mingi, hadi ikatolewa kama chuma chakavu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Wewe leo una gia, breki za maana na simu yenye ramani ya kila kichochoro. Mambo ambayo hayajabadilika ni machache, na ndiyo yaliyomkwamisha Stevens: msimu, maji, pesa, siasa za mpakani na kibali. Kwa hivyo kabla hujanunua hema, uliza ubalozi kwanza. Chora njia yako, kisha chora ya pili ya kutumia ile ya kwanza ikifungwa, na uhakikishe nauli ya kurudi nyuma iko mfukoni.