Tumkumbuke Corti, aliyefichua siri ya sikio

Aghalabu wanafunzi wetu hukariri sehemu za sikio ili wafaulu mtihani, wala hawaulizi ni nani aliyeziona kwanza. Naona hilo ni kosa, na lawama ni yetu sisi watu wazima.

Alfonso Corti alizaliwa mwaka 1822 huko Gambarana, karibu na Pavia, kaskazini mwa Italia, katika ukoo wa makabaila. Alisomea udaktari Pavia na Vienna, akahitimu mwaka 1847. Mapinduzi ya mwaka 1848 yalipozuka aliihama Vienna, na baada ya safari nyingi akafika Würzburg, Ujerumani, kwa mtaalamu Albert Kölliker. Huko aliinamia hadubini, akachunguza koklea, ule mfereji wa sikio la ndani uliojiviringa mfano wa konokono. Alitumia rangi nyekundu itokanayo na wadudu ili kutofautisha tishu zilizofanana machoni.

Mwaka 1851 alichapisha matokeo yake. Alieleza seli zenye vinyweleo zipokeazo sauti, na kiungo hicho kikapewa jina lake. Katika makala iyo hiyo alieleza pia ukanda wenye mishipa ya damu ulio ukutani mwa koklea.

Babake alipofariki, Corti alirithi mashamba, na baada ya miaka michache akaiacha sayansi. Mkewe alifariki mwaka 1861, akamwachia watoto wawili. Baridi yabisi ilimlemaza, naye akaaga dunia mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 54.

Kwa nini nayakumbusha haya? Kwa sababu kazi yake haijafika tamati. Seli za vinyweleo za binadamu zikifa hazioti tena. Ndiyo maana kelele za muziki ni hatari kwa vijana. Sasa baadhi ya wataalamu wamegeukia ule ukanda wa mishipa. Humo mna perisaiti, seli zinazoikumbatia mishipa myembamba ya damu. Katika panya, zikipungua, usikivu hudhoofika. Isitoshe, majaribio ya maabara yameonyesha kwamba baadhi ya perisaiti za mwilini zina tabia ya seli shina, yaani zaweza kugeuka seli za aina nyingine. Iwapo zitamrudishia kiziwi usikivu, bado halijathibitishwa.

Walimu, msiwafunze watoto kwamba mchoro wa kitabuni umekamilika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Corti aliinama miaka michache tu, na hadi leo twaokota alivyovifunua.