Shoka Moja, Majeruhi Wengi: Maisha ya Dostoevsky

Miongoni mwa waandishi wa hadithi ambao majina yao yangali yakitajwa ulimwenguni, ni wachache walioijua kambi ya jeshi na mnyororo wa gereza kama Fyodor Dostoevsky wa Urusi. Alizaliwa mjini Moscow mwaka 1821, mwana wa daktari. Mwaka 1838 aliingia chuo cha wahandisi wa jeshi huko St Petersburg, akapata uofisa, kisha mwaka 1844 akajiuzulu ili aishi kwa kalamu.

Mwaka 1849 alikamatwa pamoja na wenzake waliokuwa wakijadili siasa kinyume cha matakwa ya mfalme. Walihukumiwa kifo. Mwezi wa Desemba walisimamishwa uwanjani, na bunduki zilipokwisha kulengwa ndipo ikatangazwa kuwa mfalme amewapunguzia adhabu. Mmoja wao hakupata tena akili timamu. Dostoevsky alifungwa kazi ngumu miaka minne huko Omsk, Siberia, kisha akatumikia jeshi kama askari wa kawaida. Alirudishiwa uofisa mwaka 1856, akaruhusiwa kuondoka jeshini mwaka 1859.

Gerezani aliishi na wauaji, akawachunguza. Matunda yake yalionekana mwaka 1866 katika riwaya yake kuu juu ya uhalifu na adhabu. Humo kijana Raskolnikov anamuua kwa shoka bibi kizee mkopeshaji wa fedha kwa rehani, akijidai kuwa anauondolea ulimwengu mdudu. Lakini dhara halikukoma pale alipokusudia. Dada wa marehemu, mpole asiye na kosa, anaingia ghafla, naye anauawa. Fundi wa rangi asiyehusika anakamatwa, na hatimaye anakiri kosa ambalo si lake. Sonya, binti maskini, anampoteza rafiki, kwani huyo dada alikuwa mwandani wake; hata hivyo ndiye anayemhimiza muuaji ajisalimishe. Mama yake kijana anaugua na kufa kwa majonzi. Muuaji mwenyewe anashikwa na homa, anawakimbia wampendao, na fedha alizoiba anazificha chini ya jiwe bila kuzitumia.

Askari polisi watamkumbuka zaidi mpelelezi Porfiry. Hana ushahidi wa kushikika, wala hampigi mtu. Anauliza, anasikiliza na kungoja, na kukiri kwa yule fundi hakumdanganyi. Raskolnikov anakwenda kituoni kwa miguu yake, akahukumiwa miaka minane Siberia.

Dostoevsky alifariki mwaka 1881. Sisi tuliokabidhiwa silaha twapata kwake funzo zito: pigo moja halina majeruhi mmoja. Kabla ya kuinua mkono, na tuwahesabu wote watakaoumia, wakiwamo wasio na hatia, waliobaki nyumbani, na sisi wenyewe.