Bibi Titi: Mwimbaji wa Bomba aliyewaleta akina mama TANU

Nikitoka Kipawa kwenda mjini, basi hushika Barabara ya Nyerere, na nikifika Mnazi Mmoja nakutana na Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Siku moja nilimuuliza kijana tuliyekaa naye kiti kimoja, huyu Bibi Titi alikuwa nani. Akanijibu kuwa alikuwa mke wa kiongozi fulani wa zamani. Nilisikitika, ndiyo maana naandika.

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa, mji ulimjua kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba. TANU iliundwa Julai 1954, naye akajiunga. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Tanganyika, aliuliza wanawake wa TANU wako wapi. Bibi Titi akakabidhiwa kazi ya kuwaongoza.

Alianzia kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Ndugu msomaji, vikundi vile havikuwa vya kucheza tu. Akina mama wale, wengi wao Waislamu ambao hawakupata shule, walikuwa na viongozi wao na walikuwa wakiaminiana. Kiongozi akikubali, wenzake humfuata kukata kadi. Kufikia Oktoba 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamejiandikisha.

Baada ya uhuru aliongoza UWT, iliyoundwa mwaka 1962, akawa pia naibu waziri. Mwaka 1965 alishindwa ubunge Rufiji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipokataza viongozi kuwa na nyumba za kupangisha, yeye aliyekuwa nazo akajiuzulu uongozi. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Alikana kosa lile. Mwaka 1972 akaachiwa kwa msamaha wa Rais. Alifariki Johannesburg tarehe 5 Novemba 2000.

Kuhusu kesi ile watu wataendelea kubishana, lakini haiwezi kufuta kazi ya mwaka 1955. Wala jina kwenye kibao cha barabara halitoshi. Waliokuwa na miaka 20 wakati ule sasa wamefikia 90. Kama nyumbani kwako yupo bibi wa umri huo, keti naye leo. Muulize alicheza ngoma ya kikundi gani, na nani alimshawishi kukata kadi. Kisha andika.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Titi. Amin.