Sayyid Barghash na reli iliyokufa naye

Chombo kinachotoka Unguja kwenda Muscat, kikishazunguka Ras al-Hadd na kuziacha Sur na Quriyat, hupita mbele ya Yiti kabla ya kutia nanga. Ni kijiji cha wavuvi kilichozungukwa na milima, ambacho siku hizi kimepata jirani: mji mpya unaojengwa pembeni mwake.

Mapema mwaka 1888 njia hiyo ya bahari ilimleta mgonjwa mashuhuri. Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar, alikuja Oman kutafuta nafuu katika chemchemi za maji moto za Bausher.

Nafuu hakuipata. Alirejea Unguja na kufariki dunia mwezi Machi mwaka huo huo, na baada yake ikatoweka pia reli inayohesabiwa kuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki.

Uhamishoni Bombay

Barghash alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837, mwana wa Sayyid Said bin Sultan aliyehamishia makao yake kutoka Muscat. Mwaka 1859 alijaribu kumpokonya kiti kaka yake, Sayyid Majid, akisaidiwa na dada zake, miongoni mwao Bibi Salme.

Wanamaji wa Uingereza waliingilia kati, akashindwa na kupelekwa Bombay, ambako alikaa takriban miaka miwili. Mji huo tayari ulikuwa na garimoshi la abiria tangu mwaka 1853.

Alipotawazwa mwaka 1870, mambo hayakuwa mepesi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangamiza mikarafuu na merikebu zake, na mwaka uliofuata Uingereza ilimlazimisha kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Hata hivyo alijenga. Alivuta maji safi kutoka chemchemi hadi mjini, alinunua meli za moshi, na mwaka 1883 alikamilisha Beit al-Ajaib.

Njia ya Chukwani

Mwaka 1879 aliagiza itandikwe reli ya urefu wa maili 7 hivi, kutoka kasri lake mjini hadi kasri la Chukwani upande wa kusini. Mabehewa mawili ya fahari yalianza kwa kuvutwa na nyumbu, kabla ya kuletwa injini ndogo ya mvuke iliyoundwa Uingereza na kiwanda cha Bagnall.

Kwa jicho la msimamizi wa miradi wa leo, kasoro ilikuwa katika usanifu wenyewe. Njia ilichorwa kwa kufuata makazi ya mtawala, si mwendo wa watu na mizigo, na gharama zake zilitegemea mfuko wa mtu mmoja.

Mfuko huo nao ulizidi kubanwa. Mwaka 1885 manowari za Ujerumani zilielekeza mizinga yao Unguja, na mapatano ya mwaka 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani yalimwachia Sultani visiwa vyake na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu.

Alipofariki, reli na injini viligeuka vyuma chakavu. Lakini maji yaliendelea kutiririka, kwa kuwa yalihitajiwa na kila nyumba. Mjenzi alikuwa yule yule, na zama zile zile. Kilichotofautiana ni idadi ya watu ambao mradi ungewaumiza kwa kukatika kwake.

Somo linaloendelea

Mwaka 1905 Unguja ilipata reli nyingine, kutoka mjini hadi Bububu. Hiyo ilibeba abiria wa kawaida na ilidumu muda mrefu zaidi, ingawa nayo ilishindwa na magari ya barabarani katika miaka ya 1920.

Swali alilowaachia Sayyid Barghash wapangaji wa miji halijazeeka. Addis Ababa ilizindua treni zake za mjini mwaka 2015, njia ya kilomita zipatazo 34 yenye treni 41, lakini baada ya miaka michache nyingi kati ya hizo ziliegeshwa kwa ukosefu wa vipuri na matengenezo.

Muscat nayo, katika miaka ya 2020, ilitangaza uchunguzi wa mpango wa treni ya mjini. Mji huo umebanwa kati ya milima na bahari, na wakazi wake wamezoea magari.

Kutandika reli kunaweza kukamilishwa kwa amri na fedha. Kazi ngumu zaidi ni kuamua, kabla ya mchoro wa kwanza, ni nani atakayeipanda kila asubuhi, nani atakayeitengeneza, na nani atakayeilipia pindi mwanzilishi wake atakapokuwa hayupo.

Kwa Sayyid Barghash maswali hayo hayakupata majibu, na Chukwani leo hakuna garimoshi.