Sentahafu wa Rotterdam: bao moja katika mechi 31

Kandanda ina dhuluma yake: mfungaji hubebwa mabegani, na aliyemtengea mpira hakumbukwi. Jambo hili nabishana mara kwa mara na vijana wa hapa Ngoliba, mashariki ya Thika, ambao kila mmoja ataka kucheza mbele. Hoja yangu kubwa ni Mholanzi mmoja ambaye wao hawakupata kumsikia.

Jina lake John de Korver. Alizaliwa mwaka 1883 Rotterdam, mji wa bandari kama Mombasa. Watu walimwita Bok, yaani beberu, na lakabu hiyo imemganda hata leo. Aliichezea Sparta, klabu iliyotwaa ubingwa wa Uholanzi mara tano kati ya 1909 na 1915.

Alikuwa sentahafu. Msomaji asidhani huyo ni beki wa kati, la. Zama hizo walisimama mabeki wawili, mahafu watatu na mafowadi watano. Sentahafu alikuwa katikati ya wote. Adui akija humkata, akishaunyaka mpira huugawa kwa mafowadi, kisha hukimbia nyuma kungoja mwingine. Kazi ya punda! Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, mwaka mmoja kabla ya Kenya na Uganda kuanza kugombea Kombe la Gossage, ndipo sentahafu alipovutwa nyuma akawa beki wa tatu.

Timu ya taifa Bok aliichezea mara 31, kati ya 1905 na 1913. Bao alifunga moja tu. Lakini itazame timu yenyewe. Desemba 1907 ilichapwa 12-2 na timu ya ridhaa ya Uingereza mjini Darlington, aibu iliyoje! Mwaka uliofuata, katika Olimpiki ya London, ikailaza Sweden 2-0 na kupata nishani ya shaba. Stockholm 1912 ikapata shaba tena kwa kuicharaza Finland 9-0. Bok alikuwamo katika vikosi vyote viwili. Machi 1913 Waingereza wakaja The Hague wakafungwa 2-1. Mabao yote ya Huug de Groot, naye ndiye aliyevuma.

Malipo? Hapakuwa. Uholanzi iliruhusu mpira wa kulipwa mwaka 1954, Bok akiwa mzee wa miaka 71. Alifariki mwaka 1957, huko huko Rotterdam.